Kuku wa Mzazi na Amri ya Saba

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na gauni langu nilikuwa nimelivaa, refu, hadi kwenye vifundo vya miguu.

Nawaandikia hapa kundini mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari za Ifakara nazo hupanda baiskeli. Ninyi mlisoma nami, mnanijua. Ni mimi yuleyule Fausta aliyekuwa akiulizwa swali darasani anajibu swali la jana. Sasa nina miaka arobaini na mitatu, nina shamba la mpunga, na kwa miaka sita nimekuwa mwalimu wa dini katika jumuiya yetu. Kuota mchana sijaacha. Nilidhani ni karama. (Padri wetu anasema ni uzembe, lakini anasema kwa upole.)

Leo Jumamosi zamu ilikuwa amri ya saba, usiibe. Jumuiya ilikuwa inakwenda kusali Katindiuka, nyumbani kwa Mama Alfonsina, ambaye ameumwa muda mrefu na ndiyo kwanza ameanza kutoka nje na kuota jua. Niliamka na somo zima kichwani. Nilikuwa nimeliandaa wiki nzima, nikilisema peke yangu nikiosha vyombo, nikilisema nikifagia, mpaka jirani akaniuliza nagombana na nani.

Mliohamia mbali mmesahau ukungu wa bondeni mwezi wa sita. Hauji na kuondoka kama mvua. Unakaa. Milima ya Udzungwa inakuwa haina miguu, inaelea tu kule juu, na watu wa baiskeli barabarani wanatokea mmoja mmoja kama wanaletwa, wanakusalimu, kisha wanafutika. Nilifunga gunia langu la mpunga kwenye keria, nikaisukuma baiskeli taratibu hadi mashineni. Sikuwa na haraka. Asubuhi kama ile mtu anahisi kwamba Mungu bado hajamaliza kuumba, na ukienda kasi utamkuta kazini.

Pale mashineni anayekoboa ni Fundi Mashaka, mtu mzima asiye na maneno mengi kwa sababu miaka yote amekuwa akishindana na kelele za mtambo. Aliniambia kuna foleni, niache gunia nipitie baada ya saa saba. Aliyenishushia gunia ni Desderi.

Huyu Desderi lazima niwaeleze, maana bila yeye kisa hakipo. Ni mpakuzi wa magunia, ana umri kama wetu. Zamani, enzi za ulevi wake, alikamatwa na gunia la mchele la watu, tena la palepale mashineni. Alifungwa. Alipotoka, alirudi kumwomba kazi yule yule aliyemwibia, na mwenye mashine akampa. Tangu hapo hajachukua hata chenga. Lakini mji haukusahau. Kitu kikipotea kilomita mbili kutoka alipo, watu wanageuza shingo wamtazame.

Alinishushia gunia akanitakia safari njema. Mimi nikamjibu huku namtazama kwa jicho la mwalimu. Nilikuwa nimeshaamua kumtia kwenye somo. (Bila kumtaja jina, jamani. Nina adabu.)

Basi nikasimama kidogo mlangoni. Jua lilikuwa linapenya ukungu, na vumbi la makapi lilikuwa linaelea katika ule mwanga, la dhahabu, linapanda na kushuka kama halina uzito wala habari. Nikalitazama. Nikaona somo langu lote ndani ya lile vumbi. Niliwaona akina mama wa jumuiya wanalia kwa toba. Nilimwona katibu wetu anarudisha sufuria kubwa aliyoazima tangu Pasaka. Nikatoka pale macho yangu yako wazi na akili yangu iko Katindiuka tayari, nikashika usukani wa baiskeli, nikapanda, nikaondoka.

Baiskeli za kwetu mnazijua. Nyeusi, keria ya chuma, kapu mbele, kitenge juu ya kapu. Ukisema Ifakara unatafuta baiskeli nyeusi yenye kapu, utaletewa mji mzima. Kitu kimoja tu nilikiona njiani, kwamba tandiko liko chini na magoti yanakaribia kidevu. Nikajiambia nimerefuka.

(Miaka arobaini na mitatu. Nimerefuka.)

Mbele kidogo nilisikia kuku analia, karibu kabisa. Nikafurahi. Nikasema moyoni, tazama uzuri wa kuishi huku kwetu, hata kuku wanamsindikiza mtu njiani. Alilia tena. Nikamjibu kwa kuimba wimbo wa mwanzo.

Nilifika Katindiuka ukungu umeisha na mashamba yamekuwa ya rangi ya mkeka, mabua matupu na vichuguu vya pumba vinavyofuka moshi. Niliegesha baiskeli chini ya upenu, nikaingia na mkoba wangu wenye Biblia. Tulisali, tukamwombea Mama Alfonsina, kisha nikapewa nafasi.

Wapendwa, nilifundisha. Sijawahi kufundisha vile. Niliwaambia kwamba Biblia inapokataza wizi haizungumzii tu mtu anayeruka ukuta. Inazungumzia mizani yenye uongo, ambayo Mungu anaichukia, na kwetu sisi hiyo ni debe lililobonyezwa kitako na mpunga unaomwagiwa maji usiku ili uwe mzito asubuhi. Inazungumzia mtu anayemcheleweshea kibarua ujira wake. Inazungumzia kitu cha jirani ulichokiona kimepotea ukajifanya hukukiona, maana Torati inaagiza hata ng'ombe wa adui yako ukimkuta anatangatanga umrudishe. Katibu alitazama miguu yake. Nilifurahi sana.

Nikaja kwa Zakayo, yule mtoza ushuru, aliyeahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Nikawataka kila mmoja ajihesabie, leo akitakiwa kurudisha mara nne, atabaki na nini ndani. Akina mama walishusha pumzi. Mwishoni nikasema, "Yupo mtu mmoja pale mashineni, jina silitaji. Tunampa mikono yetu kumsalimia, lakini mifuko tunaishika. Mwizi akishaonja, ndugu zangu, ulimi haumsahau."

Wote walijua ni nani. Wakatikisa vichwa. Nikafunga Biblia taratibu, kama nilivyojizoeza.

Chakula kikaletwa. Wali mweupe wa mpunga mpya, ule ambao harufu yake inafika kabla ya sahani, na kuku wa kienyeji wa mchuzi. Nilishangaa kidogo, nyumba ya mgonjwa kutuchinjia kuku, lakini nilikuwa na njaa ya mtu aliyefundisha vizuri. Walinipa paja. Lilikuwa laini, lina mafuta. Nililila nikitazama nje kwenye jua, nikiwaza kwamba labda mwakani wataniomba nifundishe parokia nzima.

Ndipo Mama Alfonsina akaniegemea. Mama huyu ni mtu mzima, mpole, anaongea kama anayemlaza mtoto. Akaniambia, "Mwanangu, ahsante sana kwa kuku. Binti yangu alimwona kwenye kapu lako amefungwa miguu, akajua ndiye uliyetuletea. Mungu akuzidishie."

Mimi sikuwa nimeleta kuku.

Hapa ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa umejaa, kweli, lakini ningeweza kumeza. Badala yake niliona nyuso za akina mama wote zimenigeukia kwa upendo, nikahisi joto zuri kifuani, na nikajisikia nasema, "Ni kidogo tu, mama. Karibuni."

Nilijieleza moyoni kwamba huenda kuna mtu wa mashineni amenizawadia akaogopa kusema. Watu wananipenda. Inawezekana.

Tulipoagana nikaenda upenuni. Nikafunua kitenge. Ndani ya kapu kulikuwa na kamba ya katani iliyokatwa, manyoya mawili, na kifurushi cha khanga mpya. Ndani ya khanga kulikuwa na sabuni ya mtoto na kofia ndogo ya kufumwa kwa mkono, ya njano, kubwa kama chungwa. Nikainua macho. Kwenye madigadi ya nyuma kulikuwa na neno limeandikwa kwa rangi nyeupe: KABULA.

Yangu haijaandikwa kitu.

Nilikaa chini ya ule upenu muda ambao siwezi kuwaambia ni mrefu kiasi gani. Ile kofia nilikuwa nimeivika kwenye ngumi. Nilielewa kila kitu polepole, kama mtu anayeona milima inatoka kwenye ukungu. Kulikuwa na mwanamke mahali fulani mjini amejifungua. Kulikuwa na mama yake aliyemletea kuku wa supu ya uzazi. Na supu hiyo ilikuwa tumboni mwangu na mwa jumuiya nzima, pamoja na wali.

Nilipanda nikarudi. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua na kila niliyepishana naye alinisalimia kwa heshima, "Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu," nami nikiitikia milele amina huku magoti yananigonga kidevu. Nilipanga. Ningefika kimya kimya, ningeiegesha pembeni, ningechukua yangu na kutoweka. Kuku ningemnunua kesho na kumwacha mahali. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikosa kitu kimoja tu, nao ni mashine yenye watu wachache.

Nilipokata kona nikaona umati.

Mtambo ulikuwa umezimwa. Desderi alikuwa ameketishwa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti, na shavu lake moja lilikuwa limevimba chini ya vumbi la makapi. Mbele yake juu ya gunia alikaa mama mmoja Msukuma, mnene kiasi, kitenge amejitanda kichwani, analia bila sauti. Baadaye nilijua wanamwita Mama Kabula. Walihamia na ng'ombe miaka mingi iliyopita, wanaishi mbali huko ndani, na alikuwa ametoka kabla ya alfajiri. Kabula ni binti yake, ndiye aliyejifungua juzi, na kabla ya kufika kwake mama alipitia mashineni kuomba pumba kidogo za kumpa kuku asije akafika amekonda. Alikuwa ndani dakika mbili. Asubuhi yote alikuwa ameitafuta baiskeli mjini kabla ya kurudi pale.

Mtu mmoja akaiona baiskeli. Halafu wote wakaiona. Umati ukafunguka, nikajikuta nimesimama katikati kama bibi harusi. Mama Kabula aliinuka akaishika baiskeli tandikoni, kama mtu anavyomshika ng'ombe aliyepotea, akaangalia kapu, akaikuta kofia. Akaibana kifuani. Kisha akaniuliza nimeipata wapi.

Nilikuwa na jibu la kweli. Lilikuwa fupi. Nikasema, "Nimeikuta imeegeshwa pale kwenye daraja dogo, njia ya Katindiuka. Nikasema hii lazima ina mwenyewe."

(Sijui lile daraja lilitoka wapi. Nimekuwa nikipita pale miaka yote na halijawahi kunisaidia kitu.)

Basi nikasifiwa. Jamani, nilivyosifiwa. Mama mmoja muuza vitumbua alisema mji huu bado una watu wa Mungu. Kijana wa bodaboda alinipiga picha nikiwa nimeshika usukani, akasema ataniweka mtandaoni watu wajifunze uaminifu. Mama Kabula alinishika mikono yote miwili akasema wabeja, wabeja sana, ndiyo ahsante ya kwao, na machozi yake yakadondoka kwenye vidole vyangu vilivyokuwa bado vinanukia mchuzi. Akasema hata huyo mwizi ana utu kidogo, amechukua kuku tu, khanga ya mtoto kaiacha.

Ndipo mwanamume mmoja mwenye kofia ya pama akamgeukia Desderi. Akamwambia, "Umeona sasa? Ulimsingizia mwalimu wa dini, na yeye ndiye amerudisha ulichoiba."

Nikauliza amenisingizia nini. Wakaniambia kwa hasira ya kunitetea. Kumbe Desderi alipoulizwa alisema wazi kwamba baiskeli ameichukua Mwalimu Fausta, amemwona kwa macho yake, na anadhani amekosea tu. Hapo ndipo alipopigwa kofi. Siyo kwa wizi. Kwa kumpakazia mtu wa dini. Na mgambo alikuwa ameshaitwa.

Nikamtazama. Naye akanitazama. Nilitegemea chuki. Sikuona chuki. Aliniangalia kama mtu anavyoliangalia gunia la mwisho jioni, akijua kwamba hili nalo atalibeba. Kisha akashusha macho kwenye mikono yake.

Nami ile kweli sikuisema. Naandika hili ninyi mlijue. Nilinyamaza. Nilisikia nzi. Nilisikia makapi yanavyodondoka kutoka kwenye paa la bati.

Fundi Mashaka ndiye aliyenimaliza, tena kwa wema. Alitoka ndani anasukuma baiskeli nyeusi, yenye kapu, isiyoandikwa kitu, akaiegesha mbele yangu akaniambia, "Mwalimu, na hii yako niliiingiza ndani asubuhi, lori la fuso lilikuwa linataka kugeuza. Nilishangaa umeondokaje bila baiskeli."

Watu walitazama baiskeli yangu. Wakatazama ile ya Mama Kabula. Wakanitazama mimi.

Aliyenionea huruma alikuwa Mama Kabula mwenyewe. Bado alikuwa ameshika kofia. Akasema taratibu, kama ananipa kiti, "Labda mwalimu alikwenda kwa bodaboda."

Lilikuwa jibu zuri kabisa. Lilikuwa mezani, limeandaliwa, ni la kula tu. Nililihisi ulimini, tamu kama lile paja. Na nikiwa nimefungua mdomo nikaiona mikono ya Desderi juu ya magoti, imepasuka, ina sugu, vumbi limejaa kwenye mistari. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefundisha pia ule waraka wa Agano Jipya unaomwambia aliyekuwa akiiba asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake. Niliufundisha kwa sauti nzuri. Na mtu pekee ninayemjua aliyeutii, neno kwa neno, alikuwa ameketi chini na alama ya kofi, kwa ajili yangu.

Nikasema, "Desderi amesema kweli. Ni mimi niliyeichukua. Nilikuwa naota."

Mama Kabula akauliza swali moja tu.

"Na kuku?"

"Tumemla."

"Wewe na nani?"

"Na jumuiya nzima," nikasema. "Baada ya somo la usiibe."

Kicheko kilianzia kwa muuza vitumbua. Alijaribu kukizuia kwa upande wa khanga, kikamshinda, kikapita kwa yule wa bodaboda, kikaenda hadi kwa watu wa foleni ambao hawakuwa wamesikia vizuri na walitaka warudiwe. Walirudiwa. Fundi Mashaka, mtu asiye na maneno, aliingia ndani nikamsikia anacheka peke yake kwenye mtambo uliozimwa. Mwenye kofia ya pama aliangalia kiganja chake kilichopiga kofi kana kwamba ni cha mtu mwingine. Watu wawili tu hawakucheka, Mama Kabula na Desderi.

Nilipiga magoti mbele ya Mama Kabula nikamwomba msamaha. Kisha nikageuka, hapohapo chini, kwa Desderi. Nilimwambia kwamba baiskeli niliichukua kwa ndoto, lakini daraja nimelitunga kwa akili timamu, na kwamba isitoshe asubuhi hii nilimtumia katika somo kama mfano wa mwizi asiyepona. Lile la mwisho hakuna aliyenilazimisha kulisema. Lilitoka lenyewe, kama jino.

Desderi alijipangusa shavu kwa kiganja. Akasema, "Kofi limeshapita, mwalimu. Ila waambie na hao wa Katindiuka, kwa mdomo uleule."

Mgambo alifika akakuta hakuna kesi, kuna mwalimu amepiga magoti kwenye pumba. Akaondoka na vitumbua viwili.

Nikampigia simu Mama Alfonsina palepale, watu wanasikiliza. Nikamweleza yote, baiskeli, kuku, mzazi, daraja, Desderi. Nikamwambia niliposema karibuni nilikuwa nawakaribisha mali ya watu, na kwamba yule mtu wa mashineni niliyemsema ni mwaminifu kuliko mimi. Upande wa pili ukawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu ile sauti ya kulaza mtoto ikasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa mtamu."

Kabla hata saa haijaisha bajaji ilitoka Katindiuka imebeba akina mama watatu na kuku wanne. Walikuwa wamelichukua somo kama lilivyo. Mmoja wao alishuka akatangaza kwamba wamehesabu kwa kipimo cha Zakayo na wasibishiwe. (Katibu alikuwemo. Alikuwa amebeba kuku wawili na, Mungu ni mwema, sufuria.)

Mama Kabula aliwatazama wale kuku mmoja mmoja, akawashika vifua, akachagua mmoja mwenye uzito. Wengine akawarudisha. Alisema alipoteza mmoja, na mzazi ana tumbo moja. Akamfunga kuku miguu, akamfunika kwa kitenge, akapandisha tandiko lake mwenyewe kidogo, sijui kwa nini, labda magoti yangu yalimtia huruma hata yasipokuwepo. Aliniambia nikipata nafasi nipite kumwona mtoto. Ni wa kike. Akasema hilo akicheka, mara ya kwanza, na meno yake yana mwanya mzuri.

Kuku mmoja kati ya watatu waliobaki nilimpa Desderi. Nilimwambia si malipo ya kofi, kofi halilipwi. Achukue tu akale na watoto. Hakunyoosha mkono. Aliniambia, "Nipite mjini na kuku, mimi? Sitafika hata sokoni, mwalimu. Labda uniandikie kwanza barua."

Hakuwa anatania. Nilitaka kucheka nikakosa mahali pa kuanzia.

Basi tukaenda wote. Yeye alisukuma baiskeli yangu, mchele wangu ukiwa juu ya keria. Mimi nilitembea pembeni nimemkumbatia kuku. Jua lilikuwa limeanza kulala, vumbi la barabarani limekuwa jekundu na laini, baiskeli zinapita bila sauti, moshi wa pumba umetandaza harufu yake ya mkate ulioungua juu ya mji wote. Kila hatua chache mtu alitusalimia na kutazama kuku, kisha Desderi, kisha kuku. Na kila mara nilisimama nikasema kwamba kuku ni wa Desderi, nimempa mimi, na aliyeiba leo ni mimi. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Mara ya tano nilikuwa nimeshapata mtiririko. Mara ya kumi Desderi aliniomba nifupishe.

Nyumbani kwake mkewe alitoka akaona kuku, uso ukabadilika hapohapo, ule uso wa mtu aliyeshawahi kupokea vitu na baadaye wakaja watu kuvidai. Desderi akanitazama. Nikaeleza mara ya mwisho, polepole, bila kuruka kitu, hata daraja. Mama yule aliposikia mwisho wake alimpokea kuku kwa mikono miwili, akaingia naye ndani, na nikamsikia anawaambia watoto kwamba huyu ni wetu. Alilirudia neno hilo, wetu. Desderi alisimama mlangoni akajifuta uso kwa mkono wa shati, akasema ni vumbi la makapi.

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Picha ile ya bodaboda imeshasambaa, ila wamebadilisha maneno ya chini yake. Tafadhali msinitumie, ninayo.

Jumamosi ijayo zamu ni amri ya nane, usiseme uongo. Nilianza kumwandikia mwenyekiti kwamba siku hiyo nitakuwa naumwa, halafu nikaisoma amri yenyewe, nikafuta.